Nani Anamuuma Nani? Maswali Yanayoulizwa Sana Kuhusu Ugomvi wa Samaki na Matumbawe kwenye Tangi la Nyumbani Mombasa

Maswali haya yaja kila mara, mengine usiku wa manane na picha ya matumbawe yaliyojifunga kama ngumi, na mwenye tangi ashaamua mwizi ni nani. Tumeyakusanya hapa. Ukiwa na haraka soma la kwanza, manake hilo ndilo linalookoa samaki wengi wasio na makosa.

Matumbawe yangu yamejifunga siku ya tatu leo. Ni samaki anayauma?

Yawezekana, lakini usimtoe mtu bado. Watu wengi wakiona polipu (vijinywa vya tumbawe vyenye minyiri) zimejificha wanamkamata samaki wa kwanza waliyemuona akipita karibu, wanamtoa, na wiki inayofuata matumbawe yako vilevile. Angalia jeraha kwanza, jeraha lenyewe litakwambia.

Ukiona vidoa vidogo vidogo vyeupe vimetawanyika huku na huku, au ncha za matawi zimenyofolewa na mfupa waonekana, hapo ni mdomo wa samaki au kaa. Ukiona tumbawe linakufa upande mmoja tu na upande wa pili liko zuri kabisa, tazama jirani aliye upande huo, mara nyingi ni tumbawe lingine linalochoma usiku. Na ukiona tangi zima limejifunga kwa pamoja, laini na magumu, acha samaki, pima maji. Chumvi, joto na alkalini (uwezo wa maji kupinga asidi), kwa mpangilio huo.

Halafu mtazame samaki bila yeye kukuona. Hili watu hawalifanyi kabisa. Ukisimama mbele ya kioo samaki anajua chakula kimefika, anaacha alichokuwa akifanya anakuja kukusalimia. Weka simu kwenye kiti irekodi video nusu saa kabla ya saa ya kulisha, wewe nenda jikoni. Samaki anayekula matumbawe ana tabia yake, anasimama, anainamisha kichwa, anapiga jicho, anadonoa, anarudi palepale tena na tena. Anayedonoa mara moja akatema na kuendelea na safari yake huyo anajaribu tu, au anatoa mwani uliomea kwenye mwamba.

Muuzaji aliniambia huyu ni salama kwa matumbawe. Mbona anayala?

Kwa sababu hiyo "salama" ni ya uwezekano, si ahadi. Samaki wawili wa aina moja, tangi moja, mmoja atakaa miaka bila kugusa kitu na mwenziwe aanze kunyofoa siku ya pili. Umri pia wabadilisha mambo, na njaa ndiyo yabadilisha zaidi ya vyote. Ukinunua uliza maswali mawili tu: huyu baharini anakula nini, na akikua atakuwa na urefu gani. Muuzaji asiyejua hayo mawili basi neno lake la salama lisikutulize.

Samaki gani wa hapa kwetu pwani nisiwaweke kabisa na matumbawe?

Hapa tukae kidogo, manake wengi wetu tunaanza na samaki wa bahari hii hii na uzuri wao unatudanganya.

Vipepeo ndio wa kwanza. Wengi wao chakula chao ni polipu zenyewe, na wengine kama Chaetodon trifasciatus, Chaetodon meyeri na Chaetodon trifascialis hawali kingine cha maana, kwa hiyo ukiwaweka kwenye tangi la matumbawe watakumalizia matumbawe, na ukiwaweka kwenye tangi lisilo na matumbawe watakufa njaa huku unawatazama. Hao waache baharini kabisa, huko ndiko kwao. Yule wa manjano mwenye mdomo mrefu, Forcipiger flavissimus, ana nafuu, anachokora minyoo kwenye nyufa za mawe, lakini hata yeye mchunge.

Yuko pia samaki mdogo wa kijani mwenye madoa ya machungwa, Oxymonacanthus longirostris, mzuri ajabu, na karibu chakula chake chote ni polipu za akropora (matumbawe magumu ya matawi). Wacha.

Vitatange wakubwa. Mtoto wa Pomacanthus semicirculatus ni mweusi wa buluu na mistari meupe ya duara, kila mtu anamtaka. Lakini huyo anakua mpaka kufikia sentimita 40, anabadilika rangi kabisa, na anakula sponji, matumbawe laini, na nyama ya matumbawe yenye polipu kubwa. Tangi la futi nne si lake, hata bila matumbawe.

Kikande na bunju: meno yao yametengenezwa kuvunja vitu vigumu. Watakula kaa wako, konokono wako, uduvi wako, na bunju wengine wanang'ata matumbawe yenyewe. Kikande mwenye mistari ya machungwa, Balistapus undulatus, ana fujo hata ya kuhamisha mawe. Katika jamii hiyo mwenye afadhali ni yule wa buluu mwenye meno mekundu, Odonus niger, manake yeye anakula vijidudu vinavyoelea majini, ila uduvi usimwamini nao, na anataka tangi kubwa.

Pono nae anakwangua mwamba kwa kazi yake ya kila siku. Hafai tangi la nyumbani, tusipoteze muda.

Na wale wa katikati, si wabaya si wazuri?

Hapa kuna kitatange mdogo wa Afrika Mashariki, Centropyge acanthops, buluu na mgongo wa machungwa, hapiti sentimita 8 au hapo. Wengine wanakaa na akropora bila shida, wengine wanadonoa matumbawe yenye nyama nyingi. Ukimtaka mwingize wakati matumbawe yashakuwa makubwa na mengi, hapo akidonoa kidogo hapa na pale hakuna neno, lakini kwenye tangi lenye vipande vitatu vidogo kila mdomo ni hasara.

Tafi na kangaja nao wako hapa.

Kangaja si mla mwani? Mbona wangu anadonoa matumbawe?

Ana njaa. Karibu kila mara jibu ni hilo. Kangaja na tafi baharini wanakula kuanzia jua likitoka mpaka likizama, kidogo kidogo, tumbo lao limeumbwa hivyo, halafu sisi tunawapa tonge moja asubuhi tunatoka kwenda kazini mpaka jioni. Mwani wa kwenye mawe ukiisha, anahamia kwenye kinachofanana na mwani, na zoa (ndugu laini wa matumbawe, mfano wa vijiua) na matumbawe laini yanafanana.

Dawa ni kumpa mwani kila siku, ubanwe na klipu kwenye kioo, ukae hapo masaa. Nori kavu ya supamaketi yafaa, iwe haina mafuta wala viungo. Mwani wa kijani wa baharini unaotoka mahali pasafi pia mzuri, usuuze kwa maji matamu kwanza kutoa wadudu. Tafi hata usimuulize kama anapenda, wakulima wa mwani wanamjua vizuri. Mlishe hivyo wiki mbili mfululizo halafu rekodi video tena, wengi wanaacha. Asiyeacha ashaonja utamu, huyo atoke.

Wala nyama nao wapewe mara mbili tatu kwa siku, kidogo kidogo. Hapa Mombasa hatuna sababu ya kulia chakula, ngisi na kamba wabichi wapo sokoni, waoshe, wakatekate udogo wa mdomo wa samaki, wagandishe kwenye friza kwanza, ndio ulishe. Usimwage supu yake kwenye tangi, hiyo ndiyo yapandisha fosfati.

Nemo wangu amehamia kwenye tumbawe na sasa halifunguki. Nifanye nini?

Nemo akikosa anemoni anatafuta chochote chenye minyiri ya kuchezacheza, na yufilia (tumbawe gumu lenye minyiri mirefu) ndiyo ya kwanza. Anajisugua humo mchana kutwa usiku kucha. Tumbawe kubwa lenye vichwa vingi linavumilia, likizoea linafunguka tena. Tumbawe dogo la kichwa kimoja halivumilii, litajifunga mpaka nyama ianze kuchanika. Lihamishe upande wa pili wa tangi kwa mwezi au zaidi mpaka likue, au liwekee kijikapu cha plastiki chenye matundu.

Na usikimbilie kumnunulia anemoni ili aache tumbawe. Anemoni anatembea, na kila anapopita anachoma, na akiingia kwenye pampu anasagika na tangi lote laweza kuharibika kwa usiku mmoja. Ukimtaka kweli, mwingize kabla ya matumbawe, funika midomo ya pampu kwa sponji, mwachie achague mahali pake, akishatulia ndio upange matumbawe mbali nae. Zile anemoni kubwa za zulia zinakula samaki, ukiwa na gobi au samaki wa kulala chini utawapoteza.

Jambo lingine la nemo. Wa kwetu hapa, Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, kama nemo wote wanazaliwa madume, na mkubwa katika kundi ndiye anayekuwa jike. Jike ndiye mkali. Ukiweka wawili wadogo wanaopishana ukubwa watapangana wenyewe, ukileta wa tatu baadaye ataumwa mpaka afe.

Matumbawe yanapigana vipi na hayatembei?

Yanapigana, tena vibaya kuliko samaki, ila taratibu na usiku.

Njia ya kwanza ni minyiri ya kufagia. Tumbawe liitwalo galaksea mchana ni kitu kidogo cha upole, nyota nyota tu, lakini taa zikizimwa inatoa minyiri myembamba mirefu ambayo yaweza kufika sentimita 20 na zaidi, inapepea na mkondo wa maji ikitafuta wa kumchoma. Njia ya pili, tumbawe linatapika nyuzi za tumbo lake juu ya jirani na kummeng'enya hapohapo, asubuhi unakuta utando mweupe na mfupa mtupu. Favia na hidnofora ni mabingwa wa hilo. Njia ya tatu huioni kabisa: matumbawe laini, hasa yale ya ngozi kama sarkofitoni na sinularia, yanatoa kemikali majini zinazodumaza matumbawe magumu hata yakiwa mwisho wa tangi. Akropora iliyokataa kukua bila sababu, na maji yamepimwa yako sawa, angalia kama kuna sarkofitoni kubwa humo ndani.

Kwa hiyo nafasi. Kati ya matumbawe mengi acha sentimita 10 hadi 15, na hesabu ukubwa yatakaofika mwakani, si wa leo. Yufilia mpe 20. Galaksea mpe mwamba wake peke yake, na asiwekwe mahali mkondo wa pampu unamsukumia minyiri yake juu ya wenziwe, upande unakoelekea maji ndio upande wa hatari. Yufilia za aina moja zinagusana bila ugomvi mara nyingi, lakini ile ya minyiri mirefu kama mwenge huwa inawachoma ndugu zake pia.

Kwa zile kemikali, tumia kaboni ya filta, ibadilishe kila wiki tatu nne, na skima (mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu) ifanye kazi sawasawa, na ubadilishe maji asilimia 10 kila wiki. Ukikata tumbawe laini, likate nje ya tangi.

Nimerekodi mchana sioni kitu, asubuhi kuna jeraha jipya.

Basi ni wa usiku. Taa zikishakaa zimezimwa kwa muda wa saa mbili hivi, chungulia kwa tochi uliyoifunga karatasi nyekundu ya nailoni, viumbe wengi hawaioni vizuri rangi hiyo. Kaa mwenye manyoya na makucha meusi, mtoe. Konokono mdogo wa vinundu vinundu aliyejibanza chini ya tawi la akropora, pengine na wenziwe wengi, huyo ni Drupella, anakula nyama ya tumbawe hai, mtoe kwa kibano mmoja mmoja na urudie kila usiku mpaka waishe.

Lakini yule kaa mdogo laini anayeishi ndani ya matawi ya posilopora, Trapezia, usimguse. Huyo ni askari wa hiyo nyumba, anawapiga makucha wanaokuja kula tumbawe lake, hata kiti cha pweza mwenye miba mla matumbawe anamsumbua. Na mnyoo wa manyoya anayelaumiwa kila siku, mara nyingi yeye amekuja kula kilichokufa tayari.

Samaki wanauana wao kwa wao, matumbawe hayana shida.

Ugomvi huu ni wa nyumba. Samaki anapigana na anayefanana nae umbo, rangi au chakula, kwa hiyo kangaja wawili wa mwili mmoja ni vita. Wapole waingie kwanza, wakali mwisho. Mgeni akae ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu siku kadhaa, waonane bila kugusana, na siku ya kumwachia panga upya mawe machache ili mwenyeji nae awe mgeni. Kioo kidogo cha kujitazama kilichoegemezwa nje ya tangi kinasaidia pia, mkali anapigana na sura yake.

Domino wadogo weusi wenye madoa meupe wanauzwa bei rahisi, watu wananunua watatu wanne. Wakikua wanatawala tangi zima. Na katika jamii yao wako wanaolima mwani, Stegastes, wanang'ata tumbawe mpaka life ili mwani umee pale, halafu wanalinda shamba hilo dhidi ya kila mtu, na mkono wako pia.

Nimemjua mkosaji. Nitamtoaje bila kubomoa mawe yote?

Usimkimbize na wavu, utavunja matumbawe na yeye atajificha siku tatu. Kata chupa ya soda ya lita 2 kichwani, kigeuze kichwa kiingie ndani kama mlango wa dema, toboa matundu ya kupitisha maji, weka kipande cha ngisi ndani. Iache siku mbili bila kutega, azoee kuingia na kutoka, siku ya tatu usimlishe, halafu kaa karibu. Wengi wanaingia. Anayelala kwenye ufa mmoja kila usiku unaweza kumchota gizani kwa tochi na nyavu mbili.

Nikishamtoa nimwachilie tu baharini Nyali, si ni kwao?

Hapana, tafadhali. Hata kama alitoka hapa, amekaa na samaki wa kuletwa kutoka nje na amebeba magonjwa yao, na kama si wa hapa ndio mbaya zaidi. Mwaka 1984 mwani wa matangi, Caulerpa taxifolia, ulionekana baharini Monaco, ukasambaa Mediterania na kufunika sakafu kubwa ya bahari. Mpe mwenzio mwenye tangi la samaki watupu, au mrudishe dukani hata kwa bure.

Joto la Machi na Aprili linazidisha ugomvi?

Ndiyo. Maji moto yanashika oksijeni kidogo, samaki wanahema, wanakuwa wakali, na matumbawe yanatapika mwani wanaoishi nao yanabaki meupe. Mwaka 1998 bahari yetu ilipochemka miamba ya Kenya ilipoteza matumbawe mengi sana, na baharini kuna nafasi kuliko kwenye tangi lako. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Feni juu ya maji inasaidia lakini hewa yetu ina unyevu, haishushi kama kule bara, kwa hiyo mwenye uwezo anunue chila (mashine ya kupoza maji), asiye nayo apunguze masaa ya taa na afungue kifuniko. Maji yanayopungua jazia maji matamu yaliyochujwa kwa mashine ya RO, usijazie ya chumvi. Na stima ikipotea uwe na pampu ya hewa ya betri, saa chache bila mkondo zinaua zaidi ya kipepeo yeyote.

Naweza kutumia maji ya bahari?

Waweza, na wengi tunafanya hivyo. Chukua maji yakijaa, bamvua ni nzuri zaidi, tena nje ya mwamba ukipata mtu wa mtumbwi. Usichote Tudor wala Kilindini, wala karibu na mkondo wa maji machafu wowote, na wakati wa masika ngoja mvua ikatike siku kadhaa, manake chumvi inashuka na uchafu wa mji wote unaingia baharini. Chuja kwa kitambaa, pima kwa refraktomita (kipimo cha chumvi), iwe 35 kwa elfu.

Samaki wana vidoa vyeupe baada ya kupigana, niweke dawa ya shaba?

Kwenye tangi la matumbawe kamwe. Shaba inaua matumbawe, uduvi, konokono, na inaingia kwenye mawe. Watoe samaki, watibu kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe, na tangi kubwa libaki bila samaki wiki sita hivi au zaidi ili vidudu vinavyoleta vidoa hivyo vife kwa kukosa pa kukaa. Samaki mgeni apitie huko kwanza kila mara.

Si nivunje tu kipande cha matumbawe pale mwambani niokoe pesa?

Usivunje. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa 1986, huruhusiwi kutoa chochote, na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) wanalinda. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), yakivuka mpaka yanataka vibali. Ukiuziwa kipande uliza kilitoka wapi na uone karatasi. Kipande kilichokatwa kutoka tangi la mwenzio, kilichozoea taa na pampu, kinaishi vizuri zaidi kuliko kilichong'olewa.

Nikihamisha zoa mikono inawasha, kuna hatari?

Kuna hatari kubwa na watu hawaisemi vya kutosha. Baadhi ya zoa, hasa palithoa, zina palitoksini, ni katika sumu kali kabisa za baharini. Vaa glovu na miwani ya kukinga macho, usizishike ukiwa na kidonda, usizikate ndani ya chumba ambacho watoto wanachezea. Mwamba wenye zoa usiuchemshe kamwe, usiumwagie maji moto, usiusugue kwa brashi ukaruka maji, manake mvuke wake ukiuvuta familia nzima yaweza kulazwa. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, misuli kulegea, kifua kubana au homa baada ya kuzishika, toka nje upate hewa, watoe wengine nyumbani, nenda hospitali mara moja na umwambie daktari neno hilo hilo, palitoksini.